Droni ya kununua ukiwa pwani ya kusini: uliza upepo kwanza

Julai mwaka jana nilirusha droni yangu mpya ufukweni Shangani, hapa Mtwara mjini, nikimpiga picha bibi harusi aliyesimama juu ya miamba wakati maji yamekupwa. Ilielekea baharini kwa wepesi ulionifurahisha, lakini nilipoigeuza irudi, ikagoma. Rimoti ilionesha mita 410 kutoka niliposimama, kisha 415, kisha 430, ilhali nimesukuma kijiti hadi mwisho, na betri ikashuka kutoka asilimia 38 hadi 12 huku naitazama. Mvuvi aliyekuwa akikwangua ngalawa yake aliinua macho akaniambia, "Dada, hii ni kusi, inatoka nchi kavu. Hicho chako chepesi hakirudi." Hakikurudi, na shilingi 480,000 zangu zilizama nacho pamoja na picha zote za asubuhi ile.

Wengi wanaoniuliza wanunue droni gani huanza na ubora wa picha. Sitaujadili hapa, kwa kuwa karibu kila droni ya leo yenye jina hutoa video ya 4K, yaani yenye ubora wa juu sana, inayoitosheleza harusi. Kinachosahaulika ni namba moja iliyofichwa katika kurasa za mwisho za maelezo, nayo ni kasi ya upepo ambayo chombo kinaweza kuistahimili. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya upepo mkali kwa pwani yetu, mara nyingi hutaja kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 hivi kwa sekunde. Droni ndogo zinazosifika zaidi zimeandikiwa mita 10.7.

Hata upepo ulio chini ya kiwango hicho unatosha kukupotezea chombo. Mini 2, droni ndogo ya kampuni ya DJI ya China, katika hali ya kawaida, hukimbia mita 10 kwa sekunde, hivyo upepo wa mita 8 ukiikabili, inabaki ikisogea mita 2 tu, na kilomita moja ya kurudi itaichukua zaidi ya dakika 8. Ukiihamishia kwenye hali ya spoti itafika mita 16 na safari hiyo itakuwa ya dakika mbili na kidogo, lakini betri nayo italiwa haraka. Kumbuka pia kwamba upepo ulio mita 80 au 100 kutoka ardhini ni mkali kuliko huo unaopeperusha kanga yako ufukweni.

Waliotangulia kupiga picha kutoka angani walishughulika na suala la chombo kurudi kuliko sisi. Nadar, mpiga picha wa Ufaransa, alipopiga picha ya kwanza ya angani mwaka 1858 karibu na Paris, puto lake lilikuwa limefungwa kamba. Arthur Batut, mwaka 1888, aliinua kamera kwa tiara, na kamba ya tiara ilibaki chini ardhini. Julius Neubronner, mfamasia wa Ujerumani, alifunga kamera ndogo kwenye vifua vya njiwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu njiwa hurudi bandani kwake. Sisi tumekata kamba na kuiachia betri kazi yote ya kurudi.

Kwa hiyo napanga droni kwa namba hiyo ya upepo, na sifichi kwamba napendelea DJI, ambayo huiandika wazi na programu yake hukuonya upepo unapozidi. Ya kwanza kwangu ni Air 3, ninayoitumia sasa. Ina gramu 720, inastahimili mita 12 kwa sekunde na hukimbia hadi mita 21. Kusi ya Shangani imeitikisa mara nyingi, na kila mara imerudi. Ya pili ni Mini 4 Pro, yenye mita 10.7, ambayo huona vizuizi pande zote, na kwa mashamba ya korosho ya Newala au Masasi sina neno nayo, ila usiipeleke ufukweni Msimbati mwezi wa Julai. Wauzaji husifu gramu zake 249, lakini kikomo cha gramu 250 kimetoka katika sheria za Marekani na Ulaya. Usiununue wepesi huo ukidhani umekwepa kibali cha kurusha. Nenda kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Mini 3 na Mini 4K zina namba ileile ya upepo, bila macho ya pembeni. Neo, yenye mita 8, ni ya uani. Zile zisizo na jina sizipangi kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji. Boksi la droni yangu iliyozama ninalo bado: neno 4K limeandikwa mara tatu, upepo haukutajwa hata mara moja, na duka la Dar es Salaam lililoniuzia likanijibu kwamba upepo ni kazi ya Mungu. Nilipokwenda kununua Air 3 katika duka jingine, niliomba betri iwekwe na programu ya DJI Fly ifunguliwe kabla sijatoa hela, kwa kuwa programu hiyo huonesha betri imechajiwa mara ngapi. Betri niliyoambiwa ni mpya ilionesha mara 57. Niliisukuma irudi upande wa pili wa kaunta, na nikasubiri hadi ya tatu ndipo nikaona sifuri.