Washa za Feliti za Betri: Zinafaa, Ila Si kwa Kila Betri

Kwa mwaka mzima nilikuwa nikifungua boneti na kukuta unga mweupe uliochanganyika na kijani umeota tena kwenye kichwa cha chanya cha betri, hata baada ya kuukwangua na kuumwagia maji ya moto. Ndipo nikanunua, katika duka moja la vipuri la Gerezani, Dar es Salaam, washa mbili za feliti, yaani vipete vya kitambaa kinene, zilizolowekwa dawa ya kuzuia kutu: nyekundu ya chanya na kijani ya hasi.

Nilitangulia kufungua waya wa hasi kwa spana namba 10, nikaosha vichwa kwa bekingi soda iliyokorogwa katika maji, ambayo ilitoa povu hadi asidi ilipokwisha, kisha nikasuuza, nikakausha, nikavalisha washa chini ya klampu na kupaka grisi juu. Mpaka sasa, mwezi wa tano tangu nizivalishe, upande wa hasi ni msafi kabisa; upande wa chanya unga ulirudi baada ya wiki 6.

Sizilaumu washa. Nilipopangusa kwa kitambaa kikavu niliona unyevu ukichungulia pale kichwa cha risasi kinapokutana na plastiki ya betri, yaani muhuri unaoziba hapo umeachia na asidi inapanda, nayo feliti huifyonza kwa muda tu. Fundi umeme alipima chaji injini ikiunguruma akapata volti 14.2, kiwango cha kawaida, kwa hiyo altaneta, mashine inayoichaji betri, haikuwa ikiichemsha betri. Muuzaji aliyeniapia kwamba tatizo halitarudi alitia chumvi. Kwa betri nzima ningezinunua tena. Kwa inayovuja, pesa hiyo ningeiweka akiba ya betri mpya.