Nimeuza rupia za Mjerumani mnadani Ulaya: nilichopata na kilicholiwa njiani

Nianze na jibu, maana najua wengine hamtafika mwisho. Kama una sarafu moja mbili za zamani zilizo adimu kweli na hazijachezewa, mnada wa Ulaya unalipa kuliko mnunuzi yeyote utakayempata Tanga. Kama una kopo la visarafu vya kawaida, usijisumbue. Nyumba ya mnada niliyoitumia iko Ujerumani. Jina silitaji, kwa sababu lipo jambo waliloniudhi na nitalisema, ingawa kwa mengine walikuwa waungwana.

Mie nakusanya tangu nikiwa karani bandarini. Tanga sarafu za Mjerumani hazikuwa shida: reli ya Usambara ilianzia hapa mwaka 1893, mashamba ya mkonge yakaja, na mishahara ikalipwa kwa rupia. Mpaka leo ukifungua sanduku la bibi Ngamiani au Pangani hukosi kuikuta moja, mara nyingi imetobolewa ikawa kidani. Nilizoamua kuziachia ni rupia mbili ya 1894, rupia za moja moja, nusu na robo, pesa za shaba (visarafu vidogo vya wakati huo) za miaka ya 1890 zenye maandishi ya Kiarabu, heller 5 (heller ni visenti vya rupia) ya 1909 ile kubwa inayojaa kiganja, na heller 20 za Tabora.

Kabla ya Ulaya nilijaribu hapa hapa. Sonara wa mjini, mtu mwema tu, alizitupia kwenye mizani. Rupia moja ina gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 fedha ni 917. Yeye alinunua hiyo fedha, basi. Kwake rupia ya 1890 na ya 1902 ni mamoja, zote zinakwenda jikoni kuyeyushwa. Dalali mmoja wa Dar naye aliomba picha, akakaa kimya, kisha akarudi na bei moja ya mzigo mzima, "nichukue zote, mzee wangu, nikupunguzie usumbufu." Usumbufu niliutaka mwenyewe.

Sasa hiyo rupia mbili. Ilitolewa mwaka 1893 na 1894 tu, na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, siyo serikali. Mbele yupo Kaiser Wilhelm wa Pili kavaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Nyuma ngao ya kampuni, simba na mti mrefu wa makuti. Yangu mabawa ya tai yamelika kidogo, lakini uso wa Kaiser bado una masharubu unayoweza kuyahesabu, na sarafu nzima imeingia weusi wa bluu pembezoni. Weusi ule ndio uliouza. Jirani yangu alikuwa na rupia nzuri kuliko zangu, akaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa kama kijiko cha harusi. Nilipotuma picha yake pamoja na zangu, jibu lilikuja kwa neno moja: imesafishwa. Bei waliyomtajia haikufika hata nusu.

Mawasiliano ya nyumba ile ya mnada ni ya haraka. Unatuma picha za pande zote mbili, wanajibu na namba ya Jaeger (kwa wakusanyaji wa sarafu za Kijerumani hiyo ndiyo kama namba ya usajili, rupia mbili ni 714), daraja la ubora, na bei ya kuanzia. Hapa nawapa sifa zote. Kwenye heller 20 za Tabora, zile zilizogongwa mwaka 1916 kwenye karakana ya reli wakati vita imefunga bahari, waliniomba picha ya karibu ya taji na ya herufi L katika neno HELLER. Kumbe kuna taji kubwa na taji dogo, na ncha za L zingine zimejipinda, zingine zimechongoka. Kila mchanganyiko una bei yake. Miaka yote nazishika sikuwahi kuangaliwa na mtu kwa makini hivyo.

Kuzifikisha huko ndiko kwenye kazi. Makampuni ya vifurushi mengi hayapokei sarafu, wanazihesabu kama fedha taslimu. Na kabla ya yote kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964: vitu vya kale havitoki nchini kiholela. Niliandika barua Dar kwa idara inayohusika, nikaambatisha picha na orodha, nikasubiri majibu kwa maandishi. Msiruke hatua hii hata mkiambiwa "hizo si za kale sana." Na mtu akikuletea sarafu aliyoichimba kwenye magofu ya Tongoni, mwambie arudishe, hiyo ni kesi, siyo biashara. Zangu alizibeba mpwa wangu anayesoma Hamburg, akazitangaza forodhani alipofika. Ujerumani wanatoza kodi ya 7% kwa sarafu za makusanyo zinazotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Nyumba ya mnada ikaisimamia na kumwekea mnunuzi.

Kilichoniudhi ni hiki. Mkataba ulisema kitu kisichofika bei ya kuanzia ya euro 100 hakiuzwi peke yake, kinatiwa kapu moja na vingine. Sawa. Lakini katika kapu la vitu vidogo walitia pia heller 5 ya 1909, ambayo wenyewe walikuwa wameisifu kwenye barua, na robo rupia moja safi kabisa, zikalala pamoja na pesa zilizochakaa. Nililalamika. Wakanijibu kwa adabu nyingi kwamba katalogi imeshachapwa. Mnunuzi wa kapu aliona alichokuwa anakiona, nina hakika.

Siku yenyewe niliangalia kwenye simu, mtandao unakata na kurudi. Bidhaa yangu ilichukua muda mfupi kuliko kumimina kahawa. Rupia mbili ilianza euro 350, wawili wa kwenye intaneti wakapandishana, kisha mtu wa ukumbini akaingia mwishoni kabisa, nyundo ikagonga kwa 680. Rupia za moja moja zilikwenda kwa 240, kapu kwa 210.

Sasa hesabu, kwa sababu hapo ndipo watu hudanganyana. Nyumba hukata 15% kwa muuzaji, na mnunuzi huongeza 25% juu ya bei ya nyundo. Yaani aliyeshinda rupia mbili alitoa 850 kabla ya kodi, mie nikapata 578. Toa bima na picha euro 20, toa benki za katikati kwenye uhamisho, nikabaki na kama 915 kwa mzigo wote. Benki yangu hapa nayo ilizishikilia kwanza, wanataka kujua euro zimetoka wapi. Nikawapelekea hati ya mnada na barua ya Dar, zikaachiliwa. Bado ni mara kadhaa ya bei ya sonara.

Kabla hamjaniandikia kuhusu senti 10 ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane: waliikataa. Ni kweli mfalme yule aliacha kiti mwaka huo huo, lakini sarafu zetu za tundu hazikuhitaji sura yake, kwa hiyo zilitengenezwa kwa mamilioni. Hizo video za "shilingi ya Nyerere inauzwa milioni" nazo ni porojo, na anayekuomba utume "ada ya usajili" kwanza ni tapeli. Ila ukiwa na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, ya Tabora 1916, hiyo usimwoneshe sonara. Zilitoka 16,198 tu, na bandia zake ni nyingi, kwa hiyo mnunuzi yeyote makini atataka ipimwe kwanza.

Nyota nne kwa utaalamu na malipo, mbili kwa upangaji wa kapu. Nitawatumia tena, ila safari ijayo kabla ya kusaini nitawauliza kwa maandishi mambo matatu: nani anaamua kipi kiingie kapuni, lini katalogi inafungwa, na isipouzwa nani analipa nauli ya kuirudisha Tanga.