Eafoni za Bluetooth kwenye boksi la Android: mpira safi, tamthilia inataka subira

Nyumba yetu kuta nyembamba, watoto wanalala upande wa pili, na Ligi ya Mabingwa Ulaya wakati wa baridi huko kwao huanza saa tano usiku kwa saa zetu. Ukipunguza sauti ya TV humsikii mtangazaji, ukiongeza unaamsha watu. Ndipo nikaamua eafoni zangu za kwenye daladala zifanye kazi na usiku, niziunganishe na boksi la Android, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye TV ili ioneshe programu kama za simu.

Kuunganisha si kazi. Zima kwanza Bluetooth ya simu, maana eafoni zikitoka tu kwenye kikasha chake zinakimbilia simu zilizoizoea. Bonyeza kitufe cha kikasha usiachie mpaka taa ianze kumweka, kisha ingia kwenye mipangilio ya boksi, sehemu ya rimoti na vifaa vingine, uongeze kifaa kipya. Jina likitokea, OK. Spika za TV zinanyamaza hapohapo.

Shida inakuja kwenye midomo ya watu. Sauti ya Bluetooth lazima ibanwe, irushwe, halafu ifunguliwe upya sikioni, na kwa mfumo wa kawaida wa kubana sauti, uitwao SBC, inaweza kuchelewa zaidi ya milisekunde 150. Kwenye mpira wala sijali. Kwenye tamthilia inakera: mama mkwe ameshafunga mdomo, tusi lake ndiyo kwanza linafika! Eafoni zangu zina kile kinachoitwa hali ya gemu, eti cha kupunguza kuchelewa. Kwenye boksi sikuona tofauti yoyote. Kilichonisaidia ni VLC, programu ya kuchezea video. Filamu zilizo kwenye flashi nazichezea humo, kwa sababu ina sehemu ya kuwahisha au kuchelewesha sauti. Unaivuta kidogo kidogo mpaka mdomo na neno viende pamoja. Programu nyingi za filamu za kulipia kwa mwezi hazikupi nafasi hiyo, unavumilia tu.

Mwanzoni sauti ilikuwa pia inakatikakatika. Bluetooth na Wi-Fi ya 2.4 GHz zinagombania masafa yaleyale, na flashi ya USB 3.0 iliyochomekwa karibu nayo huyachafua. Boksi langu lilikuwa limebanwa nyuma ya TV, flashi ubavuni. Nimehamia Wi-Fi ya 5 GHz, nikanunua waya mrefu zaidi wa HDMI, boksi sasa linakaa mezani mahali pa wazi. Sauti imetulia, hata nikiwa jikoni nachemsha chai namsikia mtangazaji.

Kwa mtu anayeangalia peke yake, nasema nunua bila wasiwasi. Wawili ndiyo mtihani, kwani boksi hili linapeleka sauti kwenye jozi moja tu. Mimi na mama watoto tunagawana, yeye sikio la kulia, mimi la kushoto. Mazungumzo yanasikika vizuri pande zote mbili, ila akisinzia nusu ya filamu, anakwenda nalo kitandani.