Iksora, kile kichaka cha maua: ardhini au kwenye chungu?
Kwa gharama, ardhini ni nafuu: shimo, samadi iliyooza, basi. Mmea ukishashika mizizi hausumbui sana kwa maji, na kwa ua wa kuzunguka nyumba sioni mbadala.

Shida ni udongo. Iksora, kama ndugu yake mbuni (mti wa kahawa), hupenda udongo wenye tindikali kidogo. Ukiipanda ubavuni mwa ukuta wa saruji, chokaa huingia udongoni, mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma, na majani machanga hugeuka manjano huku vishipa vikibaki kijani. Inauma kuiona hivyo.

Kwenye chungu udongo unauchagua mwenyewe, ila wakati wa joto utamwagilia karibu kila siku.

Una baraza tu, au udongo wa chokaa? Chukua chungu, kikae juani. Mwenye uwanja mzuri apande chini.