Uzoefu Wangu: Siku 12 Hispania kwa Hoteli Tatu

Mwezi Novemba nilisafiri Hispania pamoja na mume wangu na mama yangu mzazi, ambaye ana umri wa miaka 68 na magoti yasiyopenda ngazi. Karibu kila ratiba niliyoikuta ilitaka tulale katika miji sita au saba kwa wiki mbili, na kila nilipopiga hesabu niliona kwamba fedha na nguvu zetu zingeishia kwenye kufunga na kufungua mabegi. Nikaamua kwamba tutalala Barcelona, Sevilla na Madrid tu, siku nne kila mahali, na miji mingine yote tutaiendea asubuhi kwa treni na kurudi jioni.

Faida ya kwanza ilijitokeza kabla hatujaondoka Dar es Salaam. Mwombaji wa viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Hispania imo, hutakiwa kuonyesha mahali atakapolala, tiketi ya ndege na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ada yenyewe, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi hata ukinyimwa. Kwa kuwa hoteli zetu zilikuwa tatu, uthibitisho wa malazi ulikuwa karatasi tatu, na nilichagua zile tu zinazoruhusu kughairi bila malipo, kwani sikuona busara ya kulipia chumba kabla ya kujua kama tutaruhusiwa kuingia. Ndege tulikata ya kufikia Barcelona na kuondokea Madrid. Anayekata tiketi ya kwenda na kurudi kwa uwanja uleule hulazimika kulipa nauli nyingine ya kurudi alikoanzia, na siku hiyo yote humpotelea njiani.

Uti wa mgongo wa mpango huu ni treni za mwendokasi. Reli ya Barcelona hadi Madrid ina urefu wa kilomita 621, na treni huikata kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Tangu kampuni ya treni ya Ouigo ilipoingia mwaka 2021 na Iryo mwaka 2022 kushindana na Renfe, shirika la reli la serikali, msafiri mwenye bajeti ndogo amepata nafuu ya kweli, ila nauli hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia. Mimi nilikata zote wiki sita kabla. Aliyewahi kupanda SGR ya Dar es Salaam kwenda Dodoma hatashangaa kuona mabegi yakipitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, lakini ajue kwamba lango hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka na hakuna wa kumbembeleza.

Kasoro iliyoniuma ilihusu mabegi. Katika safari mojawapo, kampuni ambayo sitaitaja ilitutoza pale pale kituoni kwa begi la mama lililozidi kipimo kidogo tu, na malipo hayo yakafuta karibu unafuu wote tuliokuwa tumeupata kwenye nauli. Kosa lilikuwa langu kwa kutosoma masharti hadi mwisho, ingawa naamini onyo hilo lilistahili kuandikwa mahali panapoonekana.

Barcelona sitaieleza sana. Ni mji ghali, na juu ya bei ya chumba kuna kodi ya watalii inayotozwa kwa kila mtu kwa kila siku, ambayo huenda usiione mpaka ufike mapokezi. Tiketi za kanisa maarufu la Sagrada Família tulizinunua mtandaoni mapema. Siku moja tulikwenda Girona, ambako treni ya mwendokasi hufika kwa dakika 40 hivi, na ile ya kawaida huchukua zaidi ya saa moja kwa nauli ndogo zaidi. Tulichagua ya kawaida, na hatukujuta.

Kutoka Barcelona hadi Sevilla ndiyo safari iliyotuchosha, kwani ni saa tano na nusu hivi hata kwa treni ya moja kwa moja. Hata hivyo Sevilla ndiyo iliyonithibitishia kwamba mpango wangu ulikuwa sahihi. Chumba cha watu watatu tulikipata kwa euro 85 kwa siku, wakati Barcelona tulilipa 130, na kutoka kituo cha Santa Justa unaweza kufika Córdoba kwa dakika 45 au Cádiz kwa saa moja na dakika 40 hivi. Córdoba tuliondokea alfajiri kwa makusudi, kwa sababu Mezquita, ule msikiti mkuu wa kale uliogeuzwa kanisa kuu baada ya mji kutekwa mwaka 1236, hufunguliwa bure kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:30 asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, kabla ya makundi ya watalii kuruhusiwa. Tulitembea karibu peke yetu kati ya nguzo zaidi ya 800. Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo, na mama nilikwisha kumwarifu, kwa hiyo alisimama tu kwenye uzio mbele ya mihrabu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbona kibla chao kimeelekea kusini?" Ni kweli kimeelekea kusini, na wataalamu bado wanajadili sababu yake. Saa 9 alasiri tulikuwa tumesharudi Sevilla, mama amelala kitandani pake palepale alipoamkia, na hakuna begi lililoguswa.

Granada tuliiacha, ingawa kila mtu alitusihi twende. Kutoka Sevilla ni karibu saa tatu kwa basi, na tiketi ya Alhambra, ile ngome ya kale ya watawala Waislamu, huandikwa jina la mgeni pamoja na saa kamili ya kuingia kwenye majumba ya Nasrid, yaani ya ukoo wa watawala hao; ukichelewa, hutapita. Kwa safari ya siku moja niliona ni kamari.

Kuhusu chakula, mlo mkubwa tulikula mchana, kwa sababu migahawa mingi hutoa menú del día, yaani chakula cha kuanzia, chakula kikuu, mkate, kinywaji na kitamutamu kwa bei moja, ambayo kwetu ilikuwa kati ya euro 12 na 16. Anayeepuka nguruwe aulize kila mara, maana vipande vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa, hutiwa hata kwenye dengu na mboga. Tortilla ya viazi ilituokoa mara nyingi, na mume wangu aliitambua mara moja kuwa ndugu wa chipsi mayai. Mama, kwa upande wake, alifurahi kusikia kwamba mesa ni meza na azúcar ni sukari, na tangu hapo akawa anaagiza chai mwenyewe.

Madrid tulikaa karibu na Lavapiés, mtaa wenye migahawa kadhaa ya halali na ulio umbali wa kutembea hadi kituo cha treni cha Atocha. Toledo ni dakika 33 tu kwa treni, na ngazi za umeme zilizojengwa kwenye mteremko nje ya kuta zilimpandisha mama hadi mji wa kale bila malalamiko. Treni ya Segovia huondokea kituo cha Chamartín, si Atocha, na kituo cha Segovia kiko nje ya mji, hivyo panda basi namba 11 litakalokushusha kwenye mfereji wa maji wa kale wa Warumi. Jumba la makumbusho ya sanaa la Prado, Madrid, huingiwa bure saa mbili za mwisho wa kila siku. Foleni ni ndefu lakini inakwenda.

Kama ningepanga upya, ningeiondoa Barcelona na kugawa siku hizo 12 kati ya Madrid na Sevilla, nikahama hoteli mara moja tu. Ningeokoa ile safari ya saa tano na nusu, kodi ya watalii na tofauti ya bei ya chumba, na kwa siku nilizozipata ningetembea hadi Ávila na Jerez, ambako nako treni inakwenda na kurudi siku hiyohiyo.