Mihadhara ya bure ya Yale: kozi nzima ya historia niliyoimaliza nikishona sare

Kwa fundi wa sare, Desemba na Januari hakuna kulala. Wazazi wanakumbuka wiki ya mwisho kwamba mtoto amerefuka, na kibandani kwangu hapa Morogoro vitambaa vinapandana mpaka vinaniziba nisione njia. Redio nimeichoka, kila baada ya wimbo ni tangazo la kubeti. Msimu uliopita nikaamua masikio nayo yafanye kazi. Nikapakua kwenye simu kozi nzima ya Chuo Kikuu cha Yale, kule Marekani, kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi ile, Kaskazini dhidi ya Kusini iliyoshikilia utumwa, na miaka iliyofuata, hadi 1877. Mihadhara 27. Nimeimaliza yote, mingine nimeirudia, na nilicholipa ni bando tu.

Mimi si mwalimu. Nilisoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) nikaishia kidato cha sita, na historia tuliisoma ya kukariri: sababu sita, matokeo saba, funga daftari. Kwa hiyo haya ni maoni ya msikilizaji mwenye sindano mkononi.

Yale walianza kuweka baadhi ya kozi zao za utangulizi mtandaoni mwaka 2007, wakauita mradi huo Open Yale Courses. Hujisajili, wala hakuna anayekuuliza namba ya kadi. Nalisema hili kwa uchungu, maana niliwahi kuingia kwenye mtandao mwingine ulioandikwa "bure" kila kona. Nilipofika video ya tatu ikafungwa na wakataka kadi ya benki. Hapa kila mhadhara una video, una sauti peke yake, na una maandishi ya yote aliyosema mwalimu. Video sikuhangaika nazo. Ni mtu amesimama mbele ya darasa anaongea, na mimi macho yangu yapo kwenye pindo. Sauti inakula bando kidogo, unaipakua usiku, unaihifadhi kwenye memori kadi, basi. Umeme ukikatika unahamia kwenye cherehani ya miguu na mhadhara unaendelea.

Mwalimu mwenyewe ni David Blight. Kozi ilirekodiwa mwaka 2008 mbele ya wanafunzi wake, na baadaye, 2019, alipata tuzo ya Pulitzer kwa kitabu chake cha maisha ya Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akawa msemaji mkubwa wa kupinga utumwa. Kabla ya yote hayo Blight alifundisha sekondari miaka kadhaa katika mji wa Flint, Michigan, na nadhani ndiyo maana anaongea kama mtu aliyezoea watoto wanaosinzia saa nane mchana. Anasoma barua za askari, anasoma mashairi, anapandisha sauti, anashusha. Kila mhadhara unakaribia saa moja. Kwa hesabu zangu ni sketi mbili za marinda.

Mhadhara wa pili ndio ulionitoa mguu kwenye pedali. Anaeleza uchumi wa Kusini kabla ya vita. Mwaka 1860 watumwa walikuwa karibu milioni 4, na ukiwapigia bei ya soko la siku zile walikuwa na thamani ya takriban dola bilioni 3.5, kuzidi viwanda na reli zote za nchi nzima zikijumlishwa pamoja. Watu, kama mali, ndio waliokuwa utajiri mkubwa kuliko wowote Marekani. Na zao lilikuwa pamba. Zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa walizouza nje ilikuwa pamba.

Nikaangalia nilichoshika. Pale mezani nilikuwa nakata mifuko ya ndani ya suruali za wavulana, na kitambaa kilikuwa marekani. Mafundi wenzangu wanakijua: pamba tupu, ngumu, haijapaushwa, rangi inakaribia uji wa dona. Miaka yote nilidhani jina lile ni majivuno ya wauza vitambaa, kama wanavyoita kila kiatu kizuri cha mtumba "cha Italia". Kumbe wapi! Blight halisemi hili, kozi yake haivuki mipaka ya Marekani, lakini alinitia udadisi nikaenda kutafuta. Sayyid Said, sultani wa Unguja, alisaini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na kufikia 1837 walikuwa na balozi mdogo Unguja. Meli zilitoka bandari ya Salem, Massachusetts, zikileta majora ya kitambaa kilichofumwa kwenye viwanda vya kaskazini kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Wapwani wakakiita merikani. Kikapanda na misafara hadi Tabora na Ujiji, kikawa kama fedha. Na pale Unguja, watumwa wa mashamba ya karafuu walivaa merikani hiyohiyo. Wanawake waliichovya kwenye nili ikawa kaniki.

Yaani mtumwa wa Mississippi alichuma, mtumwa wa Unguja akavaa, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Siku ile nilikata mifuko mitatu yote ya upande wa kushoto, ikabidi nirudie.

Vita vilipoanza 1861 pamba ikakwama, merikani ikaadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata mlango. Meli zilizoleta merikani hazikurudi tupu: zilibeba sandarusi (utomvu wa miti wa kutengenezea vanishi), ngozi na pembe za ndovu. Pembe nyingi ziliishia kwenye miji midogo ya Deep River na Ivoryton, kutengenezwa vibao vya piano na vitana. Miji hiyo iko jimbo la Connecticut. Yale nayo iko Connecticut. Kwa hiyo ninapoambiwa "kozi ya bure", huwa nacheka kidogo.

Turudi kwenye mihadhara. Bora kwangu ni ule wa John Brown, mzungu aliyevamia ghala la silaha Harpers Ferry Oktoba 1859 ili kuwasha uasi wa watumwa, akanyongwa Desemba. Blight anauliza alikuwa gaidi au shujaa, na hakupi jibu la kunakili. Nilijikuta namuwaza Kinjeketile wa Maji Maji, aliyenyongwa na Wajerumani 1905. Mihadhara ya mapigano, nani alizunguka kilima gani, nilishona nayo bila kusimama hata mara moja. Mwenye kupenda vita ataifurahia. Lakini usiache ya mwisho, inayohusu miaka baada ya vita kwisha 1865. Januari mwaka ule Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini aliamuru familia za walioachwa huru zigawiwe ardhi ya pwani ya Kusini, hadi ekari 40 kila moja. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson akaanza kuwarudishia mabwana wa zamani. Watu wakabaki na uhuru bila shamba, wakalima kwa kugawana mavuno na bwana yuleyule. Mtu yeyote aliyewahi kuona mgogoro wa shamba hapa Morogoro hahitaji kutafsiriwa.

Kuhusu tafsiri sasa. Kiingereza cha Blight kinaeleweka ila anakimbia, na anapoingia kwenye mashairi mimi hubaki njiani. Dawa yangu ilikuwa kusoma maandishi usiku, kisha kusikiliza kesho yake. Nilijaribu pia tafsiri ya mashine ya Kiswahili chini ya video moja. Jenerali Grant akawa "ruzuku ya jumla", maana kwa Kiingereza "grant" ni ruzuku na "general" ni ya jumla pia. Nilicheka mpaka binti ninayemfundisha kazi akaniuliza, "Dada, kuna nini?" Nikashindwa kumweleza. Ikiwa Kiingereza chako ni cha kubabaisha, kozi hii itakuchosha, nisikudanganye.

Kingine, hakuna wa kumuuliza. Unasikia wanafunzi wakicheka ukumbini mwaka 2008, nawe una swali, unalimeza. Cheti hakuna. Kaka yangu kila akipita huniuliza nasoma ili iweje, na sijapata jibu la kumridhisha. Mimi mwenyewe huwa namwambia ashike upande wa pili wa kitambaa tukunje.

Nilijaribu pia kozi yao ya nadharia za jamii ya Iván Szelényi, inayopitia wanafikra wa Ulaya kuanzia Hobbes mpaka Durkheim. Hiyo ni ya kukaa na kalamu. Nilimwacha kwa Rousseau, na kosa ni la cherehani. Na kwa wanaotaka bara letu, Zeinab Badawi, mtangazaji aliyejulikana kwa kazi yake BBC, ana vipindi 20 vya historia ya Afrika, vinatazamwa bure, vimejengwa juu ya kazi kubwa ya UNESCO, na wengi anaowahoji ni wanahistoria Waafrika wenyewe. Ila vile ni vya kutazama: magofu, mapango, nyuso za watu. Naviwekea Jumapili jioni, miguu juu ya kigoda.

Ukitaka kuanza na Blight, anza na mhadhara wa pili. Wa kwanza una mambo mengi ya darasa lake. Mimi nimeshapakua kozi ya Frank Snowden wa hukohuko Yale, ya historia ya magonjwa ya mlipuko, tauni na kipindupindu. Inasubiri oda ya sare za nesi mwezi ujao.