Benelli M2 yangu na spea za mashindano: uzoefu wangu, na mateso ya kidole gumba

Haya, mwenzenu nimeshamaliza kuifunga M2 yangu, shotgani ya Benelli, spea zote nilizokuwa nazitaka, imenichukua kama miezi minne na hela ambayo mke wangu mpaka leo anajua nusu yake tu. Wenzangu wa uwanjani wananiuliza kila wikiendi kama inalipa au ni mapambo, sasa naandika yote mara moja ili nisirudie.

Kwa asiyejua, naishi Texas, pembeni kidogo ya Houston, na huu mchezo wanauita 3-gun. Unapiga bastola, raifo na shotgani kwenye mzunguko mmoja huku saa inakuhesabia. Bastola na raifo ni rahisi, ukiishiwa unachomoa magazini unachomeka nyingine safari inaendelea. Shotgani ndo kisirani, kwa sababu risasi zinaingia moja moja tumboni kwa mkono wako mwenyewe, na hapo ndo utaona mtu mzima anatetemeka kama anafunga kifungo cha shati kwenye usaili. Mechi nyingi hazipotei kwenye kulenga bwana, zinapotea kwenye kulisha.

M2 ikitoka dukani inabeba risasi tatu kwenye bomba (ndo magazini yake, liko chini ya mtutu) na moja kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa. Kwa kuwinda inatosha sana, kwa mashindano hujafika hata nusu ya shabaha ushaanza kujipapasa kiunoni kutafuta risasi. Kwa hiyo spea ya kwanza kila mtu anayonunua ni bomba la kurefusha magazini, na mimi nikaanza nalo hilo hilo.

Kulifunga kwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Kwanza hakikisha bunduki ni tupu, angalia kwa macho, halafu ingiza kidole uguse chemba, halafu angalia bomba, halafu rudia, na risasi ziwe chumba kingine kabisa sio pale mezani. Unafungua kifuniko cha mbele, springi ya zamani inatoka (ishike, itakupiga usoni), unaweka springi ndefu na kile kisukumio kipya cha rangi kali kinachosukuma risasi nyuma, unafunga bomba lako. Kitu ambacho karatasi yao haikusema, na kiukweli karatasi yenyewe ilikuwa kama risiti ya duka la dawa, ni kwamba kwenye hii bunduki kile kifuniko ndo kinachoshikilia mtutu. Sasa wewe umetoa kifuniko umeweka bomba, maana yake bomba likilegea mtutu nao unalegea, unasogea mbele kidogo tu, komeo (kile chuma kinachoziba nyuma ya risasi) halifungi vizuri, unavuta triga unasikia KLIKI. Hakuna mlipuko, ni kliki tu mbele za watu. Mimi ilinikuta mechi ya pili, nimesimama pale jua la Agosti, kliki, nikakoki upya, risasi nzima ikaruka chini, nikaendelea, baadaye kidogo kliki tena. Niliposhika bomba lilikuwa linazunguka kama mfuniko wa chupa ya maji. Siku hizi nalikagua kabla ya kila zamu, ishakuwa kama tabia.

Pili mkono wa kukokia. Ule wa kiwandani ni mwembamba, ukiwa na jasho unateleza. Mpya ni mnene una mikwaruzo ya kushikia, unauvuta wa zamani kwa nguvu unatoka, unauingiza mpya mpaka usikie umekaa. Bei ndogo, faida unaiona siku hiyo hiyo, sina la kuongeza hapo.

Tatu kitufe cha kuachia komeo. Cha kiwandani ni kama punje ya mahindi. Nilichonunua ni kibao kipana kinachobana juu ya kitufe cha zamani kwa vijiskrubu viwili vidogo mno, na kwenye pakiti yangu kulikuwa na kimoja. Nikawaandikia wauzaji, wakajibu vizuri kabisa kwamba watatuma, wiki tatu zikapita, nikaenda duka la vifaa nikanunua mwenyewe kwa senti. Halafu ukikifunga bila ile gundi ya nati ya bluu, sahau, teke la bunduki litakilegeza kabla boksi moja la risasi halijaisha. Bluu lakini, sio nyekundu, nyekundu mpaka upashe moto ndo iachie na sidhani unataka kupasha moto bunduki yako. Baada ya gundi hakijatikisika tena na sasa nakigonga hata kwa kiganja bila kuangalia.

Sasa tuje kwenye lifta, ile sahani ya chuma ya chini inayoinua risasi kwenda chemba. Kwangu mimi hii ndo spea yenyewe, hizo nyingine ni ndugu zake. Wenye Benelli wanajua, lifta ya kiwandani ina mdomo mfupi wenye pengo, ukisukuma risasi kwa gumba ukachelewa kulitoa, inakubana nyama. Inauma vibaya, tena inakubana ukiwa na haraka, na haraka ndo mchezo wenyewe. Nilikuwa narudi nyumbani kila Jumapili nimefunga plasta, ofisini wakawa wananiuliza kama najifunza useremala. Nimenunua lifta ndefu isiyo na pengo, ikanigharimu zaidi ya dola mia. Nilitaka kuiweka mwenyewe mezani jikoni, nikachomoa ile pini moja, fungu la triga likatoka vizuri, nikajiona fundi. Kuanza kugusa lifta, kaspringi kamoja kakaruka "tii!" kakapotelea kusikojulikana. Tumesogeza friji, tumefagia, mke wangu ameshika tochi ya simu anacheka. Tukakapata kwenye kiatu cha mtoto. Ushauri wangu fanyia kazi hiyo ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonekana ndani, kikiruka kinabaki humo humo.

Pamoja na lifta kuna kupanua mlango wa kulishia, yaani kuchonga kingo za chini ya bodi ili risasi ziingie mbili mbili zikifuatana bila kugonga. Bodi ya M2 ni ya aluminiamu, inachongeka kirahisi, na hapo ndo hatari ilipo kwa sababu ukikosea kupiga tupa mara moja huwezi kurudishia. Nimeona ya jamaa mmoja aliyechonga mwenyewe gereji, inatisha, kama imeng'atwa na panya. Mimi nikapeleka kwa fundi bunduki, akakaa nayo wiki sita wakati aliniambia mbili, lakini iliporudi kingo laini, rangi amerudishia, huwezi kujua. Kabla ya hapo kuweka risasi nne ilikuwa inanichukua sekunde saba mpaka nane nikiwa na bahati, sasa hivi nacheza kwenye tano, nne na nusu siku nzuri. Najua kuna watu wanafanya kwa mbili, Mungu awabariki, mimi nina miaka arobaini na sita na nilianza kushika shotgani ukubwani.

Basi nikalewa sifa. Nikaongeza kishikio cha risasi sita cha kubandika ubavuni, nikaongeza kibano kizito cha chuma cha kushika bomba na mtutu pamoja, bunduki ikawa inapendeza kama ya sinema. Nikaenda uwanjani na risasi nyepesi, zenye gramu 24 za marisau, kwa sababu ni rahisi kwa bega, nikapiga boksi moja la 25. Tisa zikakwama! Ganda halitoki, au linatoka nusu linabaki limesimama mlangoni kama bango. Nikalaumu risasi. Nikalaumu lifta mpya. Nikamlaumu fundi, mpaka nikampigia, Mungu anisamehe.

Kuna mzee pale uwanjani, Mmarekani, haongei sana, akaichukua bunduki akaipima mkononi akaniuliza umeongeza uzito gani. Ndo akanielewesha kitu ambacho nilipaswa kukijua kabla sijatoa senti tano. M2 haitumii gesi ya risasi kujikoki kama shotgani ya Beretta 1301 na wenzake, inatumia teke. Ukifyatua bunduki nzima inarudi nyuma ghafla, lakini komeo ndani kwa uzito wake linabaki pale lilipo kwa kitambo kidogo sana, linabana springi fupi ngumu iliyo ndani yake, halafu ile springi ndo inalitupa nyuma, kichwa cha komeo kinazunguka kinafunguka, ganda linatoka. Yaani bunduki lazima itembee. Sasa wewe umeibebesha mizigo kama punda wa Pangani, na risasi umeipa dhaifu, itatembea na nini?

Nikaondoa kishikio cha ubavuni na kile kibano cha chuma palepale, nikapiga 25 zingine za gramu 24, mbili tu zikakwama. Nikahamia za gramu 32 na kibano chepesi cha aluminiamu, nimeshapiga kama 200 sasa, haijakwama hata moja. Kwa hiyo kama una bunduki ya aina hii, kila unachotaka kuning'iniza kipime kwanza, na usijaribu spea mpya tano kwa siku moja kama mimi, weka moja, piga boksi mbili, ndo uweke nyingine. Mwenye 1301 hana shida kubwa hiyo, na mkono mkubwa wa kukokia na kitufe kipana vinakuja navyo toka kiwandani kwenye ile toleo la Competition, ila ya kwake inakula masizi zaidi, ataisafisha mara nyingi kuliko mimi.

Wiki iliyopita mama kanipigia kutoka Morogoro nikiwa napaka mafuta, akasikia komeo linagonga akauliza nini hicho, nikamwambia bunduki mama, ya mchezo. Kimya. "Mwanangu, huko mnawinda nini?" Sahani mama. "Za kulia?" Nikamwambia za udongo, zinarushwa hewani. Akaniambia alivyokuwa msichana ukivunja sahani ya nyumbani unachapwa, huko mnavunja mnapewa kombe.

Sasa nimebakiza moja. Msimu wa njiwa unafunguka Septemba, na sheria ya hapa kwa ndege wanaohama ni risasi tatu tu jumla, chemba na magazini. Kwa hiyo bomba refu linatoka, kifuniko cha zamani kinarudi, springi ya zamani inarudi, na kile kijiti cha kuzibia magazini kinarudi. Kifuniko na springi ninavyo, nimeviweka kwenye kopo la biskuti. Kijiti nilikitafuta nyumba nzima siku mbili, kumbe mwanangu wa mwisho anacho chumbani, anapigia ndoo aliyoigeuza ngoma, na amegoma kukirudisha.